Farasi Ana Ukoo, Wewe Una Gudi Kondakti

Wasee wa Malindi, Watamu, Kilifi, Mtwapa, na nyinyi mliohamia Nairobi mkaanza kuita nyumbani "kosti" kama watalii, leo stori ni ndefu kidogo. Kama uko kwa matatu, bando iko na unaelekea mbali, hii ni yako.

Nina binamu yangu. Tumwite Katana, manake ukiita Katana pale stendi ya Kilifi wanageuka watu kumi, hakuna atakayejua ni yupi. Katana amekulia ufuoni. Alianza na ngamia wa kupandisha watalii, baadaye akaajiriwa kutunza farasi wawili wa Mtaliano mmoja. Jamaa anawajua farasi. Anajua kwato inasafishwaje, anajua farasi akiumwa tumbo anaanza kujitazama ubavuni. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, lakini nikikaa na Katana naona mtu aliyesoma kitu hadi mwisho.

Mwaka jana rafiki yake akampigia kutoka Nairobi. Kuna mazizi yanatafuta saisi. Saisi ni mtunza farasi, neno la zamani sana, na hawa walikuwa farasi wa mbio. Mshahara karibu mara mbili ya wa ufuoni, na pa kulala pako. "Leta kitambulisho, barua ya chifu, na gudi kondakti."

Katana akanyamaza. Nikajua kuna kitu.

Miaka mitatu kabla ya hapo alichukuliwa kwenye msako ufuoni, yeye na vijana wengine. Asubuhi wakapelekwa kortini. Wenzake wakamwambia, kaka, kubali tu, lipa faini, uende nyumbani, ukikataa utarudi hapa miezi. Kosa lilisomwa haraka, kitu cha kuzurura na kusumbua watu. Akakubali. Nyanya akauza mbuzi, faini ikalipwa, maisha yakaendelea. Sasa leo anaambiwa akachovye vidole kwenye wino ili serikali iseme yeye ni mtu wa tabia gani.

Wiki tatu hakwenda. Kila nikimuuliza ananiambia kesho.

Nikakasirika, na mimi nikikasirika nasoma. Nilitaka kujua ni nani aliyeamua kwamba kijana wa Kilifi, kabla hajashika hata ndoo ya maji ya farasi, lazima kwanza athibitishe kwamba yeye si mwizi. Nilichokikuta kinaanzia hapa hapa kwetu.

Turudi Malindi ya miaka ya 1860 na kuendelea. Hii pwani ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na Malindi ilikuwa mji wa mashamba makubwa. Nafaka iliyotoka hapa ilipakiwa majahazini kupelekwa Uarabuni. Na waliolima walikuwa watumwa. Waliochoka walikimbia, wakaingia bara kidogo, wakajenga vijiji vyao kama Fuladoyo. Waliitwa watoro. Ukikutwa barabarani wakati huo, swali halikuwa jina lako nani. Swali lilikuwa: wewe ni wa nani?

Weka hilo swali mfukoni. Tutalihitaji.

Mwaka 1907 Waingereza wakaondoa hadhi ya kisheria ya utumwa hapa pwani. Ni jambo jema, hakuna ubishi. Lakini mashamba yakabaki bila mikono ya kuyalima, na serikali ya kikoloni ikageuza macho kwa Wagiriama, watu waliokuwa na mahindi yao ng'ambo ya Mto Sabaki na hawakuwa na haja ya kwenda kumlimia mtu. Ndipo ofisa mmoja kwa jina Arthur Champion akatumwa kwenda kudai kodi ya kibanda na vijana wa kufanya kazi. Mnajua kilichofuata. Mekatilili wa Menza akazunguka vijijini na ngoma ya kifudu, watu wakala viapo Kaya Fungo kwamba hakuna kijana atakayetolewa. Oktoba 1913 akakamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni magharibi ya Kenya. Wakatoroka, wakarudi Giriama kwa miguu. Agosti 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti, vita vikaanza, na vilipoisha Wagiriama wakatozwa faini na kudaiwa wanaume wa kwenda kubeba mizigo ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Shuleni wanatufundisha hiyo kama hadithi ya shujaa na vifaranga vya kuku. Sawa. Lakini angalia ugomvi ulikuwa wa nini hasa. Ulikuwa ugomvi wa wafanyakazi. Serikali ilitaka kujua vijana wako wapi, ni wangapi, na inawapataje. Mekatilili alisema hamtawapata.

Mwaka uliofuata, 1915, ikapitishwa sheria ya kusajili Waafrika. Vita vikaichelewesha, lakini kuanzia mwaka wa 1919 na 1920 ikaanza kufanya kazi nchi nzima. Kila mwanamume Mwafrika aliyeonekana kufika miaka 16 alitakiwa kubeba kipande. Ndiyo, kipande, neno ambalo babu zetu bado wanaliita kitambulisho hadi leo. Ndani yake jina lako, kabila lako, alama za vidole vyako, umeajiriwa na nani, tangu lini, kwa mshahara gani. Kilikaa ndani ya kijaluba cha chuma, na watu wengi walikivaa shingoni kwa kamba. Ukikutwa bila hicho, faini au jela.

Na hapa ndipo penye ufundi wenyewe. Ukiacha kazi, mwajiri lazima atie sahihi kwamba amekuachilia. Bila hiyo sahihi huwezi kuajiriwa kihalali kwingine. Bosi akikudhulumu mshahara ukaondoka usiku, wewe ndiye mhalifu, na kwa kuwa vidole vyako viko kwenye faili Nairobi, utatafutwa. Kosa lenyewe lilikuwa ni kutoroka kazi. Mtoro! Utumwa ulikuwa umeisha miaka michache tu, na tayari lile neno limerudi, safari hii likiwa na muhuri. Swali ni lile lile: wewe ni wa nani? Ila sasa jibu linaning'inia shingoni.

Juu ya kipande kulikuwa na chiti, barua ya mwajiri wa zamani kusema huyu mtu yukoje. Fikiria mtu asiyejua kusoma Kiingereza anatembea kutoka nyumba hadi nyumba akitafuta kazi, amebeba karatasi inayomsema, na hajui inasema nini. Mwenye kuisoma ni yule anayemkatalia.

Hizo alama za vidole nazo zina safari yake, na ni safari ya bahari yetu hii hii. Mwaka 1858 ofisa wa Kiingereza kule Bengal, India, William Herschel, alimchukua mkandarasi mmoja alama ya kiganja chote kwenye mkataba, ili asije akaukana. Baadaye mbinu ikaboreshwa. Mkuu wa polisi wa Bengal, Edward Henry, akisaidiwa na Azizul Haque na Hem Chandra Bose, Wahindi wawili waliofanya hesabu zenyewe, akatengeneza mpangilio wa kuhifadhi alama hizo ili ziweze kutafutwa haraka. Ofisi ikafunguliwa Calcutta mwaka 1897. London ikaiga mwaka 1901. Umeona mpangilio? Kwanza ikajaribiwa kwa Mhindi, ndipo ikaenda kumshika mwizi wa London. Kule Transvaal, Afrika Kusini, Wahindi walipolazimishwa kujisajili kwa alama za vidole, kijana mmoja wakili aliyeitwa Gandhi akaongoza watu kukataa, na vyeti vikachomwa moto mwaka 1908. Kwa hiyo teknolojia ya kipande ilitufikia kama chapati na biriani zilivyotufikia. Tofauti ni kwamba hii hatukuiomba.

Watu waliikataa na hapa Kenya. Harry Thuku, kijana karani wa simu, alianza mwaka 1921 kuhutubia juu ya kodi, mishahara iliyokatwa na kipande. Machi 1922 akakamatwa. Tarehe 16 umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele akiwacheka wanaume kwa woga wao, na polisi wakafyatua risasi. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliokufa, wengine walihesabu zaidi. Thuku akapelekwa Kismayu. Kipande kikaendelea.

Sasa ngoja nikupe kipande changu nikipendacho cha historia hii. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1947, serikali ikapitisha sheria mpya: sasa watu wa rangi zote wasajiliwe. Walowezi walipogundua kwamba na wao watachovya vidole kwenye wino kama mpishi wao, ilikuwa kelele nchi nzima. Wakasema ni aibu, wakasema wanafanywa kama wahalifu. Mwishowe ikatafutwa njia: mwenye kuweza kujaza fomu kwa Kiingereza mwenyewe aweke picha na sahihi, basi, vidole vyake vibaki safi. Yaani kitu ambacho kwa miaka karibu 30 kilikuwa "utaratibu tu" kwa Mwafrika, kikawa tusi siku kilipomgusa Mzungu. Hawakukosea. Kweli ni tusi kudhaniwa mwizi kabla hujafanya kitu. Shida ni kwamba waliligundua hilo wakiwa wamechelewa.

Na farasi je? Hawa walowezi wapenzi wa kulinda vidole vyao ndio walioanzisha mbio za farasi Nairobi, na uwanja wa Ngong umekuwa pale tangu miaka ya 1950. Mbio za farasi duniani zimejengwa juu ya kitu kimoja: karatasi. Klabu ya Jockey ya Uingereza ilianza karibu mwaka 1750, na silaha yake kubwa ilikuwa kumpiga mtu marufuku asikanyage uwanja wa Newmarket. Mwaka 1791 kikaanza kitabu cha ukoo wa farasi. Hadi leo farasi wote wa mbio wa aina ile, popote duniani, kwa upande wa baba wanarudi kwa madume watatu tu waliopelekwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki. Watatu! Farasi wa Ngong anajulikana baba wa baba wa baba yake kwa zaidi ya miaka 300.

Jiulize kwa nini. Kwa sababu kuna kamari. Pesa nyingi ikiwekwa juu ya mnyama, watu wanataka uhakika kwamba mnyama ni yule yule, hajapewa dawa, na anayemshika hajanunuliwa. Ndiyo sababu Marekani, kwa mfano, katika majimbo mengi hata mtu wa kusugua farasi lazima apate leseni na achukuliwe alama za vidole kabla ya kuingia mazizini. Kama saisi anaweza kumpa farasi sindano usiku na watu wakapoteza mamilioni, nakubali, mcheki.

Eh, nasema mcheki. Msinifanye mimi adui wa usalama. Sisi wa Malindi tunajua kuliko watu wengi kwamba kuna watu hawafai kuachwa na watoto. Mtu anayemwinua mtoto wa miaka sita kumpandisha juu ya ngamia, mimi pia nataka ajulikane ni nani. Mwalimu, dereva wa basi la shule, mlinzi wa usiku, wachekiwe.

Lakini karatasi inapima nini? Tukumbuke Shakahola, msitu ambao uko nyuma yetu hapa. Mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili, ikapita 400. Mhubiri anayeshtakiwa alikuwa ameshakamatwa na kupelekwa kortini kabla ya hapo, si siri, ilitangazwa. Kesi ni ya korti, sitaisemea. Ninachosema ni kwamba mwaka huo huo kijana wa bodaboda hapa mjini angeweza kukosa kazi ya mlinzi kwa sababu hana 1,050 ya cheti. Chujio letu linashika dagaa.

Tena angalia juu. Katiba ya 2010, Ibara ya 99, inasema mtu aliyehukumiwa kifungo cha miezi sita au zaidi hafai kuwa mbunge. Lakini papo hapo inasema hazuiwi mpaka njia zote za rufaa ziishe. Zote! Anaweza kuwa na kesi ya mamilioni ya umma na bado jina lake likawa kwenye karatasi ya kura. Sipingi, huo ndio uadilifu wa sheria: huna hatia hadi ithibitishwe. Ninauliza tu mbona huo uadilifu unakaa bungeni na haushuki hadi ufuoni. Mheshimiwa hana hatia mpaka rufaa ya mwisho. Katana ana hatia mpaka alipe 1,050, ajaze fomu, apige foleni, achovye vidole kumi, na asubiri.

Na tazama karatasi inatembea upande gani. Tangu kipande hadi gudi kondakti, inatoka kwa mfanyakazi kwenda kwa bosi. Haijawahi kurudi. Ungeuliza wale walioondoka usiku enzi za kipande, wangekwambia ni nani hasa aliyehitaji kuchunguzwa. Leo dada zetu wanaosafiri kwenda kufanya kazi za nyumbani Ghuba wanabeba cheti cha polisi kinachosema wao ni wasafi. Nani amewaonyesha cheti cha nyumba wanayokwenda kuingia? Saisi akienda mazizini, nani anamwambia kama yule bosi aliwalipa masaisi wa mwaka jana?

Sasa mwisho wa Katana.

Wiki ya nne nilimtumia pesa ya cheti kwa simu na nikamwambia asiponipeleka picha ya vidole vyenye wino nitakuja kwao mwenyewe. Akaenda. Jioni akatuma picha, vidole vyeusi, ameshika andazi. Tukasubiri. Cheti kilipotoka tukakifungua pamoja, moyo unanidunda kama ni changu.

Hakuna kitu. Hakuna kosa lililoandikwa. Ile faini, ule mbuzi wa nyanya, ile aibu aliyotembea nayo miaka mitatu, hata haikuwa mle ndani.

Akapiga simu Nairobi. Wakamwambia walisubiri wakachoka, wamechukua mtu mwingine.

Hakuna aliyemkatalia Katana. Alijikatalia mwenyewe, kwa woga wa karatasi ambayo haikuwa imeandikwa chochote. Nikakumbuka kile kijaluba cha chuma. Polisi hakuwa na haja ya kukufungua kipande kila siku. Ilitosha wewe kukisikia kikigonga kifuani ukitembea.

Basi, mambo mawili kabla sijawaachia muende.

Moja: mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa. Mwajiri haruhusiwi kukudai vyeti hivi vya kibali ukiwa bado unaomba kazi tu. Anaweza kudai pale ambapo tayari anakusudia kukuandikia mkataba. Kwa hiyo mtu akikwambia "leta gudi kondakti kwanza ndio tukuangalie", muulize kwa heshima, bosi, mkataba uko wapi? Usimwage 1,050 kwa kila tangazo la kazi unaloliona kwenye simu.

Mbili: ukichukuliwa kwenye msako, usikubali kosa usilolielewa ili tu uende nyumbani kula. Omba lisomwe kwa Kiswahili au kwa lugha unayoisikia vizuri. Ni haki yako, na korti inalijua hilo. Katana alikuwa na bahati. Mwingine atachovya vidole, na faini ya siku moja itatokea kwenye kompyuta.

Katana amerudi kwa farasi wake wawili ufuoni. Cheti amekiweka ndani ya Biblia ya nyanya, kwenye mfuko wa plastiki kisilowe. Waajiri wengi wanataka kisizidi mwaka, na umebaki muda kidogo. Kama kuna anayejua mazizi yanayotafuta saisi anayejua kazi, niandikie. Na uje na jibu la swali langu la kwanza kwa bosi: masaisi wa mwaka jana, uliwalipa?